Msomaji Naye Apewe Chakula

Hapa Goma twasikia mara nyingi neno hili: kitabu hakiliwi. Mama mwenye kikapu kitupu hulisema kwa uchungu. Kijana mvivu hulisema kwa furaha, maana amepata pa kujificha. Wengine wamezidi, wanasema kwamba kusoma ni anasa ya walioshiba. Basi tumependa kuangalia maandiko mafupi ya zamani, yaliyoweka chakula na kisomo katika chumba kimoja, tuone kama neno hilo lina haki.

Maandiko hayo ni sura ya 38 ya Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6. Si mageni kwetu. Watawa Watrapisti waliotoka Scourmont, katika Ubelgiji, wakaanzisha monasteri ya Mokoto, upande wa Masisi, mwaka 1954, hufuata Kanuni hiyo. Mwezi wa Mei 1996 Mokoto ilishambuliwa, watu waliokimbilia huko wakauawa, na watawa wakalazimika kuacha nyumba yao. Baadaye walikaa Keshero, mjini mwetu.

Mtakatifu Benedikto ataka ndugu wasile kamwe bila kisomo. Mmoja husoma juma zima, kuanzia Dominika, naye huwaomba wenzake wamwombee asipatwe na kiburi. Wengine hunyamaza kabisa. Lakini mtu akikosa kitu je? Hapo mwandishi aonyesha kwamba ameketi mezani na watu kweli, wala hakuandika kwa kuwaza tu: kila mmoja amtazame jirani yake na kumpelekea anachohitaji, hata asiwepo wa kuomba. Hatujui fundisho la upendo lililo fupi kuliko hilo, nalo limefichwa katika amri ya kunyamaza.

Ndipo linakuja jambo tunalolipenda kuliko yote. Msomaji, kabla ya kufungua kitabu, hupewa kinywaji na kitu kidogo, kwa ajili ya Komunyo Takatifu, tena ili asilemewe na kufunga. Akiisha kusoma, hula pamoja na wapishi na watumishi wa juma. Tazameni! Mtu aliyependa vitabu hata akaviingiza chumba cha kulia, hakumtaka mwenye njaa asome kwa tumbo tupu. Wala hakusema, Ngojeni kwanza tushibe sote, ndipo tutafute vitabu. Alivileta vyote viwili saa ile ile. Basi yule mama mwenye kikapu kitupu ana haki ya kulalamika, nasi hatuna haki ya kumletea kitabu mkono mmoja na kuficha mkate kwa mkono wa pili. Bali kijana mvivu hana udhuru.

Sura hiyo yamalizika kwa ukali kidogo. Ndugu wasisome kwa zamu tu, ila wale wanaowafaa wasikilizaji. Twatamani neno hilo libandikwe karibu na mlango wa sakristia. Katika mashirika yetu ya mitaa twaona haya kumnyima mtu zamu yake, basi Neno la Mungu husomwa na mtu anayemeza nusu ya maneno na kutema nusu. Mpishi akiunguza maharagi mara tatu, hapewi sufuria mara ya nne. Mbona masikio ya Wakristo hayahurumiwi kama matumbo yao?

Kuna jambo moja ambalo hatuwezi kulichukua likae nyumbani mwetu. Kanuni yakataza mtu yeyote kuuliza swali juu ya kisomo. Mkubwa peke yake aweza kusema machache. Kwa watawa ni sawa, maana wana saa nyingine za kufundishwa. Lakini mtoto wa Katindo au Birere aliyekaa mbele ya bugali na sambaza, akinyimwa kuuliza, atakumbuka sambaza tu. Wazee wetu walipotoa hadithi penye moto walitaka waitikiwe. Kwa hiyo tusome, tule, na maswali yaulizwe.

Tusome nini? Sura ya 42 yatusaidia: jioni wasomewe maisha ya Mababa na maandiko kama hayo, si vitabu saba vya kwanza vya Biblia wala vya Wafalme, maana akili dhaifu hazinufaiki navyo saa ile, visomwe saa nyingine. Nasi tuna maisha yetu ya kusoma. Yupo Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro mwaka 1964. Yupo na Floribert Bwana Chui, mtoto wa mji huu, aliyefanya kazi ya kukagua bidhaa mpakani. Alikataa rushwa, hakuruhusu chakula kilichooza kiuzwe kwa watu, akauawa mwezi wa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma. Twaomba maisha yake yasomwe kwa sauti katika nyumba za Goma, na siku iliyo bora kuliko zote ni ile ambayo mama amepata mchele: msomaji apewe kijiko kimoja kwanza, kisha aanze.