Mwanafunzi Mgeni katika Riwaya Zetu

Riwaya ya shule ina mhusika wake wa jadi, naye ni mwanafunzi mgeni. Huingia langoni na sanduku lake, desturi za mahali hazijui, lafudhi yake huchekwa, na msomaji hungoja kuona kama atapokewa au atatengwa. Waingereza wamekuwa na mhusika huyu tangu Thomas Hughes alipotoa Tom Brown's School Days mwaka 1857, na kwao jibu lilikuwa jepesi: mgeni huonewa, huvumilia, na mwishowe hufanana na wenyeji. Waandishi wetu hawakuridhika na jibu hilo, na hapo ndipo palipo na kazi kwa mwalimu wa fasihi.

Tuanze na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Rosa, binti Zakaria, anatoka Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe, anasoma shule ya wasichana ya Rosary mjini Mwanza, kisha anakwenda Chuo cha Ualimu Morogoro. Ni mazoea kumsoma kama kielelezo cha msichana aliyeponzwa na uhuru. Mimi naona kwamba Rosa alikuwa mgeni kabla hajaliona lango la shule. Baba mlevi, anayempiga kwa ajili ya barua ya mvulana, amemlea asijue kusema na mwanamume pasipo hofu. Shuleni hofu ile inageuka kichekesho mbele ya wenzake, na Rosa anajifunza upesi yale yatakayomwondolea kicheko. Anguko lake, basi, ni kodi anayolipa ili apokewe. Nyumbani alifundishwa kuogopa, shuleni akafundishwa mitihani. Namna ya kuishi na watu hakufundishwa na yeyote. Kitabu hiki kilizuiwa kwa muda mashuleni kwa sababu ya mambo ya mapenzi yaliyomo. Waliokizuia waliiona aibu ya msichana, lakini hawakuyaona mashtaka dhidi ya wazazi na walimu, ambayo ndiyo uti wa mgongo wa kitabu.

Hata hivyo kazi hii ina upungufu. Wenzake Rosa wanasikika zaidi kama kundi kuliko watu mmoja mmoja. Tungependa kumjua japo mmoja wa wale wanaocheka: naye alichekwa na nani alipofika?

Upungufu huu si wa Kezilahabi peke yake. Baada ya Elimu ya Kujitegemea kutangazwa mwaka 1967, na hasa katika miaka ya 1970, vijana wengi walipelekwa kusoma sekondari mbali na mikoa yao ili taifa lijifunze kuwa moja. Mtoto wa Bukoba aliweza kujikuta Songea, analala kitanda cha jirani na mtoto wa Mtwara. Mwalimu Nyerere, alipoandika juu ya Ujamaa mwaka 1962, aliikumbusha methali isemayo mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Shule zetu za bweni, tukisema kweli, zilimpa jembe siku ya kwanza! Lakini riwaya iliyoketi ndani ya bweni hilo na kusikiliza bado ni adimu kuliko tulivyostahili.

Emmanuel Mbogo, katika Watoto wa Mama Ntilie (2002), ameufikia ugeni wa aina nyingine. Peter na Zita ni wenyeji wa mji wao, lakini sare na ada wanazozikosa zinawatoa darasani kama wageni wasiokaribishwa. Hapa mtengaji si mwanafunzi mwenzao, ni utaratibu wenyewe. Mbogo anaueleza ukatili huo kwa uwazi, ingawa mara kwa mara anaharakisha matukio pale ambapo tungependa kukaa na mawazo ya mtoto.

Sasa tuitazame Ruaha, katika wilaya ya Kilosa. Mashamba ya miwa ya Kilombero yamewavuta watu wa kila upande. Wavidunda wanashuka kutoka milimani mwao. Kaskazini wako Wasagara na Wakaguru, pamoja na uzao wa manamba wa mashamba ya mkonge. Wako pia wafugaji Wamasai. Desemba 2000, katika ugomvi wa wakulima na wafugaji, watu 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani humo humo. Mtoto wa mfugaji na mtoto wa mkulima wa wilaya hiyo huweza kukaa dawati moja. Mmoja hunyoshewa kidole kwa sababu ya ng'ombe wa baba yake; mwingine hukumbuka shamba lililoliwa, au msiba uliokuwa nyumbani. Kidato cha kwanza Kiingereza huwafanya wote wawili mabubu, na bubu mmoja humcheka mwenziwe.

Riwaya ya dawati hilo sijapata kuisoma. Atakayeiandika hana budi kujua bei ya debe la mahindi baada ya ng'ombe kupita, na pia jinsi ndama anavyokufa ukame ukizidi. Asimpe ushindi wa haraka yule mgeni, wala asimwagize avue shuka lake ndipo apewe nafasi ya kukaa. Mwalimu wa Ruaha au Mikumi anayesoma kurasa hizi huenda anaye darasani kijana aliyekwisha kuanza kuiandika nyuma ya daftari la hesabu. Alitazame daftari hilo kabla hajamwadhibu.