Jaji Akishika Kalamu

Mtanicheka, lakini wiki hii sikusoma riwaya. Nimesoma vitabu vya mwenendo wa mashauri ya madai, nikitafuta sauti za waandishi wake. Dinshah Mulla alikuwa wakili Bombay kabla hajawa jaji. Kitabu chake kuhusu sheria ya India ya 1908, ambayo ndiyo mama wa ile ya Tanzania ya 1966, ni cha kiwakili kabisa: kila kifungu kimerundikiwa hukumu, chagua silaha yako mwenyewe. Jaji B. D. Chipeta, aliyewaandikia wanafunzi wa Tanzania, ananyoosha njia. Namsikia mtu aliyechoshwa na hati za madai zilizoandikwa ovyo. Mimi namkubali Chipeta zaidi, ingawa Mulla ndiye anayenifanya nibishane.

Ila wote wawili wanaitazama mahakama wakiwa mbele. Yule wa benchi la nyuma, asiye na wakili, ambaye hati yake imekataliwa kwa Amri ya VII kanuni ya 11 eti haionyeshi sababu ya madai, hakuandikiwa na yeyote kati yao. Tena vitabu vyenyewe ni vya Kiingereza, na tangu 2021 sheria ya Tanzania inasema lugha ya mahakama ni Kiswahili. Ningependa kumsoma karani wa masjala.