Picha ya Manzese Magazetini: Nani Amefufuka?

Kwa muda mrefu magazeti yetu yalipoitaja Manzese yaliitaja kwa wizi, gongo na vichochoro. Sasa wimbo umebadilika. Makala kwa makala, na vipindi vya televisheni pia, tunaonyeshwa maduka, maghorofa na mabasi ya mwendokasi yaliyoanza kupita Barabara ya Morogoro Mei 2016, kisha tunatangaziwa kwamba Manzese imefufuka.

Kada anayesoma habari hizi hana budi kuuliza: imefufuka kutoka kaburi lipi? Makabwela wa Manzese hawakufa. Walijijengea nyumba bila kungoja ramani ya mtu. Katika miaka ya 1960 sera juu ya makazi ya namna hiyo ilikuwa kubomoa. Katika miaka ya 1970 ikageuka, na kwa mkopo wa Benki ya Dunia zikaingizwa barabara, maji na taa, nyumba zikiachwa zimesimama. Historia hiyo haimo katika makala tunazozihakiki, kwa sababu mwandishi ameitazama Manzese kutoka dirishani mwa basi.

Kilichodhoofika ni kingine, tena kipo jirani. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilifunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa Jamhuri ya Watu wa China. Milango ya biashara ilipolegezwa kuanzia 1984, mitumba ikaja kwa wingi. Katika miaka ya 1990 kampuni ya Kichina ikachukua asilimia 51 ya hisa za kiwanda, Serikali ikabaki na 49. Leo mitumba ya Manzese inasifiwa kuwa ushahidi wa ufufuo, si mbali na kiwanda kilichojengwa ili tuvae nguo tulizofuma wenyewe. Mtu angetegemea mpiga picha aone kinyume hicho, lakini kamera hupenda rangi.

Tulitazame robota lenyewe. Mchuuzi hulinunua likiwa limefungwa. Zikitoka nguo nzuri, watoto wanakula. Yakitoka matambara, hasara ni yake peke yake, maana mwagizaji amekwisha kulipwa. Hapo ndipo faida na hatari zinapogawanywa kitabaka, mbele ya macho yetu, katika kufungua fundo la kamba. Badala ya kulieleza jambo hili, mwandishi humwita mchuuzi "mjasiriamali". Neno hilo ni kasumba: linamweka mwenye kontena na mwenye jozi tatu za viatu mkononi katika kundi moja. Na kodi ya vyumba, ambayo hupanda kila mtaa unaposifiwa, haiandikwi kabisa.

Desemba 2018 Rais Magufuli alianzisha vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa shilingi 20,000, na mchuuzi akapigwa picha akitabasamu. Oktoba 2021 wachuuzi wa Dar es Salaam waliondolewa kandokando ya barabara, na picha ikawa ya uchafu wa mji. Meza ilikuwa ile ile, na viatu vilikuwa vile vile.