Bara Lionwalo kutoka Pwani

Miongoni mwa matini za kwanza ambazo mtoto wa shule ya msingi hukariri mjini Washington na katika viunga vyake vya Maryland na Virginia ni orodha ya mabara saba na bahari tano. Orodha hii huimbwa, hupakwa rangi, hukatwa kwa mkasi na kubandikwa upya. Kwa kuwa ni ya watoto, wahakiki huipita bila kuigusa. Hata hivyo, orodha nayo ina mtunzi, ina mahali inapotazamia ulimwengu, na ina mambo inayoyanyamazia. Hoja ya makala haya ni kwamba wazazi na walimu wa Kiswahili tulioko huku, tunapoitafsiri orodha hiyo neno kwa neno ili watoto wasiisahau lugha ya nyumbani, huwapa majina na kuwanyima lugha yenyewe.

Tuanze na mtunzi. Shirika la National Geographic Society lilianzishwa mjini Washington mwaka 1888, na ramani zake zimelea vizazi vya wanafunzi wa Marekani. Tarehe 8 Juni 2021 lilitangaza kwamba ramani zake zitaitambua Bahari ya Kusini, inayoizunguka Antaktika, kuwa bahari ya tano. Bodi ya serikali ya Marekani inayoshughulikia majina ya kijiografia ilikuwa imelikubali jina hilo tangu mwaka 1999. Sababu ya kisayansi ipo: mkondo unaoizunguka Antaktika kutoka magharibi kwenda mashariki huyatofautisha maji yake ya baridi na maji yaliyo kaskazini yake. Lakini maji hayakuzaliwa siku ya tangazo. Kaka aliyekariri bahari nne na mdogo wake aliyekariri tano wamesoma matoleo mawili ya matini moja.

Mabara nayo yana matoleo yake. Eneo la Washington lina jamii kubwa ya watu wenye asili ya El Salvador. Mzazi aliyesomea kule alifundishwa kwamba Amerika ni bara moja. Mwanawe anafundishwa hapa kwamba ni mabara mawili. Ulaya na Asia, zilizoungana kwa nchi kavu, hutenganishwa na milima ya Ural pamoja na mazoea ya karne nyingi. Mtoto anayerudi nyumbani na jibu tofauti na la mama yake hajakosea, wala mama hajakosea. Kila mmoja amepokea usomaji uliokubalika mahali aliposoma.

Sasa tuisome orodha kwa Kiswahili. Neno bara, lenye asili ya Kiarabu, lina maana ya nchi kavu inayotajwa kwa kulinganishwa na bahari. Ukisimama ufukweni ukaipa bahari uso, bara ni ule upande ulio mgongoni. Ndiyo maana tunasema Tanzania Bara na Zanzibar, ndiyo maana mtu wa Mombasa husema anakwenda bara. Pwani ni mahali maji yanapopwa. Kusini na kaskazini ni pande zilizopewa majina ya pepo, kusi na kaskazi. Kaskazi, inayovuma takriban Desemba hadi Machi, iliyaleta majahazi kutoka Uarabuni na Bara Hindi; kusi iliyarudisha. Tena lile jina Bara Hindi linataja bara ambalo halimo katika yale saba ya darasani. Orodha ya shuleni hutazama dunia kutoka juu, na bahari huonekana kama nafasi kati ya mabara. Msamiati wetu hutazama kutoka ufukweni, na bahari ni njia.

Tusiipambe njia hiyo. Majahazi yaliyobeba tende na boriti yalibeba pia watumwa. Katika darasa hilo hilo wamo watoto Wamarekani Weusi, ambao kwao Atlantiki ni njia iliyowaleta wahenga wao katika minyororo. Wala Kiswahili si mali ya pwani peke yake. Mtoto wa wazazi waliotoka Bukavu amerithi Kiswahili cha ziwani, na bara ndiko kwao. Tena anastahili kuelezwa kwamba kauli ya "mtu wa bara" imewahi kutamkwa kwa dharau. Mwalimu anayefundisha maana moja tu ya neno bara humtoa mtoto huyo nje ya lugha yake mwenyewe.

Je, orodha ya watoto inaweza kubeba uzito huu? Mfano upo. Mwaka 1971 Muriel Feelings, aliyewahi kufundisha Uganda, alitoa pamoja na mchoraji Tom Feelings kitabu *Moja Means One*, kilichotunukiwa heshima ya Caldecott mwaka uliofuata. Kinahesabu moja hadi kumi tu, lakini moja ni mlima Kilimanjaro, na kila namba inayofuata inakaa ndani ya maisha ya Afrika Mashariki. Hapo orodha imepata mahali. Upungufu wake ni kwamba sentensi zake ni za Kiingereza, na Kiswahili kimebaki neno moja moja, kama kito kilichowekwa kwenye kabati la kioo.

Vitini vingi nilivyoviona vya kuwafundisha watoto wetu Kiswahili vimerithi upungufu huo bila kurithi ule uzuri: Afrika, Asia, Ulaya, na picha ya kupaka rangi. Kilichokosekana ni kitenzi. Mtoto wa miaka sita anaweza kuulizwa: kaskazi ikivuma, chombo kinatoka wapi? Ukiwa Unguja, bara liko upande gani? Na bibi yako wa Kigoma, akisema maji makubwa, anataja maji gani? Maswali haya hayapingani na mtihani wa mwalimu wake. Yale saba na yale matano atayajibu kama wenzake. Ila atakuwa pia amejifunza kutunga jibu kwa Kiswahili, na kumuuliza mchora ramani alisimama wapi alipokuwa akichora.