Kani si nguvu: Mwalimu wa sayansi asiombe radhi kwa kusema Kiswahili

Majuzi nilialikwa katika shule moja ya Sekondari Msingi kuzungumza na wanafunzi kuhusu uandishi wa insha. Nilifika mapema, na kwa kuwa sikutaka kukaa ofisini nikihesabu dakika, niliomba kuketi nyuma ya darasa la Gredi ya 8. Kipindi kilikuwa cha sayansi. Mada ilikuwa ile ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la presha.

Mwalimu, kijana mchangamfu, aliuliza maana yake. Mikono ikainuka kama msitu. Darasa zima likaitoa fasili kwa Kiingereza safi, kwa sauti moja, bila kukosea neno. Mwalimu akaridhika, kisha akauliza swali la pili, tena kwa Kiingereza: mbona ngamia hazami mchangani ilhali ni mnyama mzito? Kimya. Msitu wa mikono ukafyekwa wote.

Akajaribu mara ya pili kwa Kiingereza. Kimya kile kile. Ndipo akaweka chaki chini na kusema, "Haya, hebu niambieni. Ni nani amewahi kukanyagwa kwa matatu na mama amevaa viatu vya kisigino chembamba?" Darasa likalipuka kwa kicheko. Kila mtu alikuwa na kisa. Msichana mmoja akasema afadhali akanyagwe na baba yake mwenye gambuti, maana gambuti "inasambaza uzito, lakini hiyo kisigino inakuja mahali moja tu." Fizikia ndiyo hiyo. Hakuna kilichobaki ila kuiandika ubaoni.

Kipindi kilipokwisha, mwalimu alinijia mbio akiwa amejiinamia. "Niwie radhi, mwalimu. Niliteleza kidogo nikaongea Kiswahili."

Radhi hiyo imenisumbua tangu siku ile. Katika dakika arubaini alizofundisha, aliomba msamaha kwa zile tano ambazo wanafunzi walielewa.

Najua chanzo cha hofu yake. Utaratibu wetu ni kwamba kuanzia Gredi ya 4 lugha ya kufundishia ni Kiingereza, isipokuwa katika somo la Kiswahili lenyewe na lugha nyinginezo. Mitihani ya sayansi ni ya Kiingereza. Vitabu ni vya Kiingereza. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi sawa na Kiingereza, ila ukipita mlango wa darasa la sayansi urasmi huo unaachwa nje pamoja na viatu vyenye matope.

Hata hivyo sikusudii leo kuilaumu Wizara peke yake. Hilo tumelifanya mara nyingi na wino umekauka. Nataka kuikagua nyumba yetu wenyewe, sisi tunaojiita wataalamu wa Kiswahili, kwa sababu niligundua jambo jingine nikiwa pale nyuma ya darasa. Mwalimu yule alipohamia Kiswahili alifaulu kwa kisigino, kisha akakwama kwa msamiati. Alisema "nguvu" akimaanisha kile kinachosukuma. Baada ya muda akasema "nguvu" akimaanisha kawi. Kabla ya kengele akawa ametaja "nguvu za umeme." Neno moja, maana tatu, na katika fizikia maana hizo haziruhusiwi kuchanganywa. Mwanafunzi anayezichanganya hufeli, na anastahili kufeli.

Je, Kiswahili hakina maneno ya kuzitenga? Kinayo. Yamekuwepo kwa miongo. Mwaka wa 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Katika istilahi za fizikia, kinachosukuma au kuvuta huitwa kani. Uwezo wa kufanya kazi huitwa nishati, ambayo sisi Wakenya tunaiita kawi, na ndiyo maana wao wana Wizara ya Nishati nasi tuna Wizara ya Kawi. Nguvu inabaki na maana yake moja: kiasi cha kawi kinachotumika kwa kila sekunde. Mambo matatu, maneno matatu. Mwalimu wetu hakuyajua kwa sababu hakuna aliyempa. Tuliyaunda, tukayafungia kabatini, tukarudi kubishana kama ni sahihi kusema "kwenye" au "katika."

Basi niruhusu, msomaji, niyapime baadhi ya maneno haya kama tunavyopima beti za mashairi. Si yote yaliyoundwa vyema.

La kwanza ni kanieneo, jina la kitaalamu la presha. Hili ni neno ninalolionea fahari. Limeunganisha kani na eneo, na fasili nzima imo ndani ya jina: kani igawanywe kwa eneo. Tuseme mwanamke wa kilo 60 ameegemeza uzito wake wote, takribani nyutoni 600, juu ya kisigino cha sentimita mraba moja. Kanieneo ni nyutoni 600 kwa kila sentimita mraba. Tuseme ndovu wa kilo 4,000 amesimama kwa miguu minne, kila wayo ukiwa na sentimita mraba 1,000. Uzito wake ni kama nyutoni 40,000, lakini umegawika juu ya sentimita mraba 4,000. Kanieneo yake ni nyutoni 10 tu kwa kila sentimita mraba. Kisigino kimemshinda ndovu mara sitini. Neno la Kiingereza haliwezi kumfunulia mtoto siri hiyo kwa kulitazama tu. La Kiswahili linaweza.

Linaweza, lakini kwa sharti. Nilipoliandika ubaoni siku ile, kwa ruhusa ya mwalimu, mvulana mmoja aliuliza swali lililonishusha mabega: "Na kani ni nini?" Hapo nilikumbuka kwamba neno haliwi bayana kwa sababu mwundaji analiona bayana. Eneo walilijua, kani hawakulijua, na nusu ya nyumba ikawa gizani. Istilahi haifundishwi mojamoja kama kokoto. Huja kwa ukoo.

La pili ni halijoto. Sokoni na nyumbani joto ni joto tu. Kwa mwanasayansi, joto ni kawi inayohama kutoka kitu moto kwenda kitu baridi, na halijoto ni kipimo cha umoto wenyewe. Mpeleke mtoto kwa fundi wa jua kali anayechomelea vyuma. Cheche zinazoruka zina halijoto ya zaidi ya digrii elfu moja, ila zikimdondokea mkononi aghalabu hupukutika tu, kwa kuwa kila cheche ni kidogo mno na joto inalobeba ni haba. Ndoo ya maji vuguvugu ina halijoto ya chini kabisa ikilinganishwa na cheche, lakini joto iliyobeba ni kubwa kuliko ya cheche nyingi mno. Ukiwa na neno moja tu utasemaje hayo? Utasema cheche ina joto jingi na ina joto kidogo, nao watoto watakutazama kama mtu aliyechanganyikiwa.

La tatu ni tungamo, kiasi cha mata kilichomo katika kitu. Wapo wanaolicheka wakidai ni la kubuni. Si geni hivyo. Limetokana na kutungama, na mtu yeyote aliyeona damu au uji ukitungama anaelewa wazo la vitu kushikamana pamoja. Mfuko wa saruji ulioandikwa kilo 50 una tungamo ya kilo 50 hapa Nairobi na vilevile mwezini. Uzito wake hapa ni karibu nyutoni 490. Mwezini utakuwa nyutoni 80 na ushei, na hata kijana mwembamba ataubeba akipiga mluzi. Mwenye duka atazidi kusema "uzito kilo hamsini," na sitamfukuza mtu sokoni kwa hilo. Darasani ni lazima tutenganishe.

Nikigeukia elimu ya dunia yetu, naona jotoardhi, neno lililoundwa kwa akili. Kituo cha kwanza cha Olkaria kilianza kuzalisha umeme mwaka wa 1981, na mtoto wa Naivasha akisikia jotoardhi anajua mara moja mvuke ule unatoka wapi. Sambamba nalo lipo Bonde la Ufa. Wangapi husimama na kuuliza ufa gani? Methali hutuonya kwamba tusipoziba ufa tutajenga ukuta, na kila mwanafunzi ameiandika katika insha. Mwambie sasa kwamba ufa huu hauzibiki, kwamba vipande viwili vya ganda la dunia vinaachana kwa milimita chache kila mwaka, na kwamba Longonot, Suswa na Menengai zilizuka humo humo kwenye mpasuko. Hapo jina alilolizoea tangu gredi za chini litaanza kusema naye.

Tabianchi sina hakika nalipenda. Nchi ina mipaka na bendera, ilhali mvua na ukame havisimami Namanga kugongewa mhuri. Lakini nalitetea kwa sababu ya kile kinachotokea tunapolikosa. Magazeti yetu, na hili likiwemo, huandika "mabadiliko ya hali ya hewa" tunapozungumzia jambo la miongo mingi. Hali ya hewa hubadilika kila siku. Asubuhi jua, alasiri mvua. Mtoto akisoma hivyo ana haki ya kuuliza, "Sasa shida iko wapi?" Kwa kutumia neno lisilofaa tunalifanya janga lionekane kama wingu la kupita.

Na si lazima yote yaundwe. Mengine tumeyarithi. Jua likifunikwa mchana tunasema limepatwa. Watu walipomiminika Turkana Novemba 3, 2013 kutazama tukio hilo, nilisikia wasomi wakidai kwamba neno hili ni la kishirikina na litafutiwe badala. Sikubali. Kupatwa ni kitenzi cha kutendwa, na sarufi yenyewe inadai jibu: limepatwa na nini? Jua hupatwa na mwezi. Mwezi hupatwa na kivuli cha dunia. Somo zima limo ndani ya "na" hiyo.

Vivyo hivyo wavuvi wa Lamu na Kilifi wana bamvua, maji yanayojaa sana na kupwa sana wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, jua na mwezi vinapokuwa kwenye mstari mmoja na dunia. Wana pia maji mafu, wakati wa nusu mwezi, bahari inapopoa. Mtoto wa huko anaingia darasani akiijua kalenda hii kwa miguu yake, kisha anapewa jina la Kiingereza linalofanana na jina la msimu ambao Kenya haina, na anaambiwa akariri. Amefanywa mjinga wa jambo alilozaliwa nalo.

Najua nitajibiwa kwamba sayansi ya dunia nzima iko katika Kiingereza na kwamba Watanzania wenyewe, baada ya kusomesha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi, huhamia Kiingereza sekondari. Ni kweli, na mhamo huo huwatesa wanafunzi wengi. Sipendekezi Kiingereza kifukuzwe. Mtihani utakuwa wa Kiingereza na lazima mtoto aumudu. Ninachodai ni kidogo zaidi: maelezo yaruhusiwe kupita katika lugha ambayo mtoto anafikiria kwayo, na yapite yakiwa na maneno sahihi.

Hilo halihitaji tume. Kila kitabu cha sayansi cha Gredi ya 7 hadi ya 9 kinaweza kuwa na kurasa mbili za mwisho zenye istilahi kwa lugha zote mbili. Mwalimu wa Kiswahili na wa sayansi huketi katika chumba kimoja na kunywa chai ya birika moja. Kifungu cha ufahamu juu ya tungamo na uzito kingewafaa wote wawili kuliko kile cha faida za usafi ambacho wanafunzi wamekisoma tangu chekechea. Nasi waandishi wa safu hizi tuyatumie maneno haya kwenye habari za kila siku, ili mvulana wa pale mbele asilazimike kuuliza kani ni nini.

Nilimjibu mwalimu yule kwamba sikuona alipoteleza. Alicheka, lakini kabla hatujaachana alitazama nyuma kuelekea ofisi ya mwalimu mkuu, akaniomba kwa sauti ya chini nimwandikie yale maneno kwenye karatasi. Nilimwandikia kumi na mawili. Aliikunja karatasi ndogo kabisa na kuitia mfukoni.