"Uzoefu" Si Ubora: Istilahi za Kupima Huduma za Simu

Miongoni mwa istilahi zinazostahili kuangaliwa upya ni "uzoefu wa mtumiaji", inayotumika sana siku hizi katika madodoso na taarifa zihusuzo huduma za simu. Kwa maoni yetu istilahi hii ina kasoro, na kasoro yenyewe si ya urembo wa lugha tu: yaweza kupotosha matokeo ya upimaji.

Wataalamu wa mawasiliano hutofautisha mambo mawili. La kwanza ni ubora wa huduma, yaani yale yapimwayo kwa vyombo: muda wa kuunganishwa simu, kiasi cha simu zinazokatika kabla ya mazungumzo kwisha, na kasi ya data. La pili ni jinsi huduma hiyo inavyompendeza au kumkera anayeitumia. Hili hupimwa kwa kumwuliza mtu mwenyewe, mara nyingi kwa madaraja 5, kuanzia bora sana hadi mbaya. Istilahi ya kwanza haina tatizo. Tatizo limo katika ya pili.

Katika Kiswahili, mzoefu ni mtu aliyelizoea jambo kwa kulifanya mara nyingi. Tuchukue mfano wa mkulima wa Mgeta, katika milima ya Uluguru, atakaye kujua bei ya kabichi mjini Morogoro kabla ya kupakia mzigo wake. Migongo ya milima huzuia mawimbi, hata aliye bondeni akalazimika kupanda hadi mahali anapojua kuwa simu hushika. Akiulizwa, "Una uzoefu gani na mtandao wako?" aweza kujibu kwa haki kabisa, "Miaka kumi." Akiulizwa kama uzoefu huo ni mzuri, atasema ni mzuri, kwani anakijua kila kilima. Hivyo taabu yake itaandikwa kuwa sifa ya kampuni.

Tunapendekeza "maonjo ya mtumiaji". Kuonja hakukomei kwenye chakula. Mtu huonja raha, huonja taabu, hata joto ya jiwe. "Kuridhika" hakutoshi, maana ni jibu moja tu: aliyekereka naye ana maonjo yake. Aidha, katika dodoso lenyewe yafaa kuuliza waziwazi: "Huduma hii hukupendeza au hukukera kwa kiasi gani?"

Neno jingine ni "mtandao". Tangu mwaka 2017, Watanzania walipowezeshwa kuhama mtandao bila kubadili namba, maana ya kampuni imezidi kuenea. Lakini mtandao ni mfumo wa minara pia, na tena ni intaneti. Je, "kuchagua mtandao" ni kazi ya mnunuzi wa laini, au ya simu yenyewe inapojitafutia mnara? Simu hutazama zaidi nguvu ya mawimbi, nayo si dhamana ya kasi, kwani mnara wenye watumiaji wengi huelemewa. Mfasiri aandikaye "ubora wa mtandao" mahali pa "nguvu ya mawimbi" amemwahidi msomaji kisichopimwa. Basi tuseme kampuni ya simu, mtandao, intaneti na nguvu ya mawimbi, kila neno mahali pake.

Tunawaomba watafsiri, walimu na watumishi wa umma, hasa walioko vijijini, watuletee maneno wayatumiayo wananchi wenyewe. Huenda huko Mgeta liko neno bora kuliko letu.