Heko kwa Mafundi wa Kebo

Mafundi wa kebo za mtandao wanastahili pongezi kubwa kuliko wanazopewa. Tunamshukuru anayetupa neno la siri la Wi-Fi. Aliyebana kichwa cha kebo hatumkumbuki.

Mtazame akiwa kazini. Anachuna ganda la nje bila kujeruhi nyaya, anafumua jozi nne, ananyoosha nyaya nane kwa vidole na kuzipanga: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Anazikata zilingane, anazisukuma ndani ya plagi ya RJ45 mpaka ncha za shaba zionekane mbele na ganda la nje nalo liingie kidogo, ndipo anabana kwa koleo. Meno manane ya plagi hutoboa plastiki ya kila waya na kugusa shaba.

Ujuzi hasa uko kwenye jozi ya kijani. Kwa nini nyaya zake zikae nafasi ya 3 na ya 6, buluu ikiwa katikati? Nafasi hizo mbili hutumika kama jozi moja, na nyaya za jozi moja husokotwa pamoja ili mwingiliano wa umeme kutoka nje ujifute. Asiyejua hupanga jozi kwa kufuatana tu. Testa huwasha taa zote nane, kumbe jozi zimechanganyika na mtandao unasuasua. Fundi mzuri hafumui msokoto zaidi ya milimita 13, wala hapitishi kebo mita 100. Nami namheshimu zaidi yule anayekata kichwa kibovu bila kuambiwa, akaanza upya.